Tanuri Lililotengenezwa Likaanza Kupiga Kelele

Usiku wa tatu baada ya fundi kuondoka nilikuwa nimelala macho nikihesabu sekunde. Nilisikia thamostati, kile kidhibiti kinachoamua joto liwashwe lini, ikigonga ukutani, kisha ule mvumo mdogo wa feni ya moshi huko chini, kisha gesi ikashika moto kwa sauti laini, kama pumzi ya mtu anayezima mshumaa. Mpaka hapo mambo yalikuwa kama yalivyokuwa miaka yote. Halafu feni kubwa ikaamka, na kitu fulani ndani ya ukuta wa ukumbini kikapiga “dum”, kama mtu aliyekanyaga bati, na nyumba nzima ikajaa mvumo mzito ambao haukuwepo kabla ya matengenezo. Dakika kumi na mbili baadaye, moto ulipozimika na feni ilipoanza kupunguza mwendo, ukaja mlio wa tatu, mwembamba na wa kukera kuliko yote: kwaru, kwaru, kwaru, ukizidi kwenda polepole mpaka ukakatika.

Tanuri ninalolizungumzia si la kuokea mikate wala la kuchomea matofali. Ni lile sanduku la bati linalokaa katika chumba cha chini ya nyumba, lenye kimo kinachokaribia cha mtu, ambalo huchoma gesi na kusukuma hewa ya moto kupitia mabomba ya bati mpaka kila chumba. Mahali penye baridi kali, kifaa hiki hakihesabiwi kuwa anasa, kwa sababu kikinyamaza muda mrefu maji huganda ndani ya mabomba na kuyapasua, na hasara inayofuata huwa kubwa kuliko ya tanuri lenyewe.

Kilichokuwa kimeharibika ni mota ya feni. Ilikuwa imetumika miaka 14, na kwa wiki kadhaa kabla ya kufa ilikuwa ikinguruma bila kuzunguka, mara inasita, mara inaanza, mpaka siku moja ikagoma kabisa. Nilimwita fundi ambaye amelihudumia tanuri hili kwa miaka 9. Ni mzee wa maneno machache, ambaye akimaliza kazi hufagia mahali alipokuwa amepiga magoti, na ambaye mara mbili amekataa kuniuzia kifaa nilichokuwa tayari kukinunua, kwa sababu cha zamani kilikuwa bado kinafaa. Alifika jioni. Alianza kwa kupima kapasita, kile kikopo kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, kwa kuwa mara nyingi hicho ndicho kinachokufa na mota ikasingiziwa. Kikopo kilikuwa kizima, mota ndiyo iliyokuwa imeungua. Akachomoa kasha zima la feni, akafunga mota mpya na kapasita yake mpya, akalirudisha, akawasha. Nyumba ikapata joto, tukaagana.

Kama kazi hiyo ingefanywa na mtu nisiyemjua, ningempigia simu asubuhi ya kwanza kabla ya chai. Kwa kuwa ilifanywa na huyu mzee, nilikaa siku nne. Nilijiambia kwamba mota mpya ina haki ya kuwa na sauti yake, kwamba masikio yangu yalikuwa yamezoea mota iliyochoka, kwamba baada ya wiki moja ingetulia. Hakuna hata moja kati ya hayo nililoliamini. Ukweli ni kwamba nilimwonea haya. Nilihisi kuwa kumwambia mtu aliyenifaa kwa miaka 9 kwamba kazi yake ina kasoro ni kama kumwomba anionyeshe tena vyeti vyake.

Jirani alinishauri niite fundi mwingine aje aangalie kimyakimya, na nakiri kwamba wazo hilo lilinivutia, kwa maana lingeniepusha na mazungumzo niliyokuwa nikiyaogopa. Nililiacha kwa sababu moja. Fundi wa pili angeanzia gizani. Hajui mota ya zamani ilikuwa imefungwa kwenye mwendo upi, hajui ni skrubu ipi iliyoguswa na ipi haikuguswa, na akikuta kasoro yoyote, hata iwe ndogo kiasi gani, ana kila sababu ya kuikuza. Nimewahi kumwona mmoja akimaliza ukaguzi wa dakika kumi kwa kunifungulia kitabu cha picha za matanuri mapya.

Lakini kabla ya kujipa ruhusa ya kusitasita hata kwa siku moja, kulikuwa na jambo la kuhakikisha, na hapo sikufanya haya. Iko milio ya tanuri la gesi ambayo haisubiri mtu amalize kumstahi fundi wake. Mkubwa wao ni mlipuko wakati wa kuwasha: badala ya gesi kushika moto mara inapotoka, hujikusanya kwa sekunde chache kisha huwaka yote kwa mpigo, “buu”, na bati likatikisika. Sababu huwa ni vichomeo vyenye uchafu, kiwashio kilichodhoofika au shinikizo la gesi lisilo sawa, na kila mlipuko wa namna hiyo huweza kupasua kuta za kibadilisha joto, zile kuta za chuma zinazotenganisha moshi wa moto na hewa tunayoivuta. Mtu akisikia mlio huo, azime tanuri na asiliwashe tena mpaka likaguliwe. Nilisimama mbele ya kidirisha kidogo cha kutazamia nikaangalia moto ukiwaka mara tatu mfululizo. Uliwaka papo hapo, wa buluu, ukatulia bila kuyumba hata feni kubwa ilipoanza, jambo ambalo lina maana yake, kwa sababu moto unaoyumbayumba feni inapoanza huweza kuwa dalili ya ufa katika kuta hizo. Nilibonyeza pia kitufe cha kujaribia kengele ya kaboni monoksidi. Kitufe huthibitisha tu kwamba kengele inaweza kulia, hivyo niligeuza na mgongo wake kuangalia kama muda wa matumizi ulikuwa umepita. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na maumivu ya kichwa na kichefuchefu inavyoleta hufanana mno na mafua. Harufu ya gesi ya kuwashia, ile ya yai bovu inayotiwa makusudi ili uvujaji ugundulike, haikuwepo. Ingekuwepo, ningetoka nje na watu wote bila kugusa swichi yoyote, na simu ningeipigia huko nje.

Nilipojua kwamba mimi na jamaa yangu hatuko hatarini, ndipo nilipochukua daftari.

Tanuri la gesi ni kifaa chenye utaratibu mkali, na utaratibu huo ndio uliokuwa msaada wangu mkubwa kuliko sikio. Halifanyi mambo mawili yaliyopangwa kufuatana kwa wakati mmoja. Thamostati ikiita joto, kwanza feni ndogo ya moshi huanza na kuvuta hewa ndani ya njia ya moshi. Swichi ya shinikizo ikithibitisha kwamba moshi utapata pa kutokea, kiwashio hupashwa mpaka kikawa chekundu. Kisha vali ya gesi hufunguka, moto hushika, na kifimbo kidogo cha chuma kilichosimama ndani ya moto huiarifu bodi ya umeme kwamba moto upo kweli. Feni kubwa huachwa isubiri mpaka chuma kipate moto, ili isianze kupuliza hewa ya baridi vyumbani. Mwishoni, moto ukizimwa, feni kubwa huendelea kwa dakika moja au mbili ikivuna joto lililobaki. Kwa hiyo mtu asiyejua lolote kuhusu ufundi, akiwa na saa tu, anaweza kujua mlio unatoka kwa nani kwa kuangalia umeanza lini.

Niliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, simu mkononi, nikaandika. Sekunde ya 2, feni ya moshi, sauti yake ya kawaida. Sekunde ya 35, kiwashio chekundu, kimya. Sekunde ya 52, moto, sauti laini. Sekunde ya 90, feni kubwa inaanza, na sekunde ya 93 “dum” ukumbini, juu, si hapa chini. Toka hapo mvumo mzito usiobadilika. Moto ukazimika, mvumo ukaendelea vilevile, kwa hiyo moto hauhusiki. Sekunde 120 baadaye feni ikakatiwa umeme, ikaanza kujiendea yenyewe, na ndani ya sekunde sita hivi “kwaru” ya kwanza ikasikika, ikafuatiwa na nyingine kumi na moja. Nilirudia zoezi hilo mara nne, usiku na mchana, na hesabu hazikupishana zaidi ya sekunde mbili.

Halafu nikafanya majaribio mawili madogo ambayo hayahitaji bisibisi. Nilikandamiza kiganja juu ya mlango wa bati wa tanuri, pembe kwa pembe, wakati feni ikiunguruma. Mlango uliolegea hunyamaza ukikandamizwa, na hilo huwa jibu la malalamiko mengi baada ya matengenezo. Wangu haukubadilika. Kisha nikaiweka thamostati kwenye hali ya feni pekee bila joto. Kwenye matanuri mengi feni pekee huenda kwa mwendo tofauti na ule wa wakati wa joto, na kweli mvumo ulibadilika kidogo, lakini “kwaru” wakati wa kusimama ilibaki ileile. Sikufungua mlango. Ndani yake kuna swichi ya usalama inayokata umeme mlango unapotolewa, na wako watu wanaoibana kwa utepe ili waone feni ikizunguka. Mimi si mmoja wao, na gurudumu la feni linalozunguka zaidi ya mara mia tisa kwa dakika halina muda wa kuuliza kidole ni cha nani.

Nilipoyasoma maandishi yangu mezani, niligundua jambo lililokuwa limenipita siku zote nne. “Kwaru” haikuanza feni ilipopunguza mwendo. Ilikuwa ikikwaruza muda wote, ila mvumo wa hewa uliifunika, na ikaachwa wazi tu pale mvumo ulipokufa. Nilikuwa nimejifariji kwamba ni mlio mfupi wa sekunde kumi kwa kila mzunguko, kumbe ni chuma kilichokuwa kikilamba chuma kwa dakika kumi na tano nzima, mara kadhaa kwa saa, kwa siku nne. Haya yangu iliisha hapo hapo.

Nilifuta ujumbe mara tatu kabla ya kuutuma. Wa kwanza ulikuwa na maneno “samahani” matano na haukuwa na habari yoyote. Wa pili uliuliza “kama ulikaza kila kitu”, swali ambalo kila fundi hulisoma kuwa shutuma, na ni haki yake. Uliokwenda ulisomeka hivi: “Shikamoo mzee. Tanuri linapasha vizuri na moto unawaka safi. Tangu ubadilishe mota nasikia milio mitatu ambayo haikuwepo. Feni ikianza, bati la bomba la hewa linapiga ukumbini. Mvumo wa hewa ni mkubwa kuliko zamani. Feni ikisimama kuna kukwaruza, mara kumi na mbili, kunakopungua kasi pamoja na feni. Nimekurekodia. Naomba uje uusikilize.” Niliambatanisha sauti mbili, moja ya ukumbini na moja ya chini, kila moja ikianza kabla ya mlio ili asikie na ukimya uliotangulia.

Alinipigia kabla ya nusu saa. Hakuuliza kama nina hakika, wala hakusema kwamba mota mpya huwa na kelele. “Huo wa kukwaruza,” aliniambia, “unakwenda na mzunguko wa feni?” Nikamjibu kwamba ndiyo, unapungua kasi nayo. Akanyamaza kidogo. “Mwanangu, zima tanuri mpaka nifike. Gurudumu limehama.” Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: “Na chujio, umeligusa baada ya mimi kuondoka?”

Nililigusa. Nitarudi kwenye hilo, kwa masikitiko.

Alikuja alasiri ya siku ileile. Kabla ya kufungua chochote aliliwasha tanuri kwa mzunguko mmoja tu, akasimama mikono nyuma, akasikiliza kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akakata umeme, akachomoa kasha la feni, akaliweka juu ya turubai chini ya taa. Gurudumu la feni ya tanuri halina mapanga kama ya feni ya mezani. Ni pipa fupi la bati lenye vipande vyembamba vilivyopangwa kuzunguka ukingo wake, na huvuta hewa kutoka ubavuni na kuitupa kwa nje. Aliangaza tochi kwenye mdomo wa kasha, akaniita nitazame. Kwenye pete ya bati iliyokuwa imefunikwa na vumbi la miaka, palikuwa na alama nyembamba inayong'aa, iliyopinda kama ukucha, urefu wake kama kidole changu cha shahada. Hapo ndipo ukingo wa gurudumu ulipokuwa ukipita na kulamba. Chini yake palikuwa na unga mweusi wa chuma, kidogo sana, kiasi cha kukaa juu ya ncha ya kisu.

Akalegeza skrubu inayolibana gurudumu kwenye mhimili wa mota, akalivuta likatoka, akageuza mhimili kwenye mwanga. Mhimili wa mota ya namna hii ni wa mviringo, lakini upande mmoja umesagwa ukawa bapa, na skrubu inatakiwa ikae juu ya huo ubapa. Kulikuwa na kovu dogo la skrubu, duara safi kama nukta ya kalamu. Lilikuwa pembeni ya ubapa, juu ya mviringo. Skrubu ilikuwa imekazwa barabara, tena kwa nguvu, lakini mahali isipoweza kushika, na kila feni ilipoanza gurudumu lilisogea kiasi cha unywele kuelekea kwenye pete, mpaka likaigusa.

“Hili ni langu,” alisema. Hakuongeza maelezo, na mimi nilikuwa na deni la kuyaongeza. Jioni ile alipokuwa akiikaza skrubu hiyo alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja ndani ya kasha, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika tochi. Simu yangu ikaita. Niliipokea, nikageuka, na mwanga ukageuka pamoja nami. Nakumbuka aliniita mara moja, “mwanga,” nikaurudisha, kisha nikaendelea na mazungumzo. Nilimkumbusha hilo. Akatikisa kichwa, akasema fundi anayekaza asichokiona amekaza kwa ridhaa yake. Hatukubishana zaidi.

Alilikaza gurudumu upya juu ya ubapa, akalizungusha kwa kidole, akahakikisha nafasi iliyopo pande zote mbili ni sawa. Akaangalia pia vile vibanio vidogo vya bati vilivyobandikwa kwenye vipande vya gurudumu ili kulisawazisha uzito, ambavyo vikianguka wakati wa kusafisha feni huanza kutikisa nyumba kama gari lenye gurudumu lisilosawazishwa. Vyote vilikuwepo. Akaangalia mipira inayoshikilia mota isipitishe mtetemo kwenye bati. Ilikuwa mizima. Akasoma namba za kapasita na za mota kwa sauti, akazilinganisha. Hizo zisipoafikiana, mota hunguruma na kupata moto kupita kiasi. Sijui kama alifanya hivyo kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Sasa chujio. Siku moja baada ya matengenezo, nikiwa na furaha ya mtu aliyepona ugonjwa na kuamua kuanza mazoezi, nilitoa chujio la kawaida la hewa, la daraja la MERV 8, nikaweka la MERV 13, lenye unene uleule wa sentimita mbili na nusu. Nilidhani kwamba chujio bora ni bora kwa kila kitu. Kipimo hicho hupima chujio linavyokamata chembe ndogo, na kwa mapafu la 13 ni zuri kweli. Lakini chujio jembamba lililofumwa kwa kubana huizuia hewa, na hewa ikizuiwa, feni huvuta kwa nguvu zaidi upande wa nyuma. Chujio langu linakaa kwenye wavu wa ukuta wa ukumbini, mwanzoni mwa bomba la kurudishia hewa. Kwa hiyo bomba zima, toka ukumbini mpaka kwenye feni, lilikuwa likinyonywa kama chupa ya plastiki mdomoni mwa mtoto. Bati lake pana lilikuwa likibonyea kwa ndani kila feni ilipoanza. Ile “dum” ya sekunde ya 93 niliinunua mwenyewe.

Na mvumo mzito? Huo tulikuwa tumechangia wote wawili, ingawa yeye alikuwa na sababu. Siku ya matengenezo alipima tofauti ya joto kati ya hewa inayoingia kwenye tanuri na ile inayotoka, akapata nyuzi 38 za selsiasi, wakati kibandiko cha tanuri kinaruhusu kati ya 22 na 39. Ilikuwa karibu mno na mpaka. Hewa ikipita polepole mno chuma hupata moto kupita kiasi na swichi ya usalama huzima moto. Mota ya namna hii ina waya kadhaa za rangi, kila rangi mwendo wake, na mpangilio wa rangi hautegemewi kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Basi akahamisha waya, akaongeza mwendo kwa hatua moja ili kushusha joto hilo. Alifanya sawa. Ila alipima chujio la zamani likiwa mahali pake, na hilo lilikuwa limejaa vumbi la miezi mitano, kwa kuwa mimi ndiye ninayepaswa kulibadilisha na sikulibadilisha.

Kelele ya feni hupanda kwa kasi kuliko mwendo wake. Mafundi wa feni wana kanuni isemayo kwamba ukiongeza mwendo kwa asilimia 20, hewa nayo huongezeka kwa asilimia 20, lakini umeme unaohitajika hukaribia kuongezeka kwa asilimia 73, na sauti hupanda kwa desibeli 4 hivi. Desibeli 4 si nyingi kwenye karatasi. Saa nane za usiku, katika nyumba ambayo kila mtu amelala isipokuwa mwenye daftari, zinatosha.

Nilileta chujio jipya la MERV 8 kutoka stoo. Akaurudisha waya kwenye mwendo wa zamani, akatoboa tena vishimo vyake viwili vya kupimia, akachomeka vipimajoto, tukasubiri dakika kumi ili chuma kitulie. Tofauti ilisoma nyuzi 33. Akaiandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa tanuri, pamoja na tarehe, daraja la chujio na rangi ya waya, ili yeyote atakayefuata, hata asipokuwa yeye, ajue anaanzia wapi. Kuhusu vumbi ninalotaka kulikamata, aliniambia kwamba njia ipo, nayo ni kujenga kisanduku cha chujio nene la sentimita kumi au kumi na mbili, ambalo lina eneo kubwa la kupitishia hewa; kazi hiyo ni ya majira ya joto, si ya sasa.

Hakutaka malipo ya safari ile. Nilimwambia kwamba skrubu ni yake na sidai kuilipia, lakini saa nzima aliyoitumia kupima na kurudisha mwendo ilitokana na chujio langu, na hiyo nitailipia. Alifikiri kidogo, akakubali. Ningeona vibaya zaidi kama angekataa, kwa sababu fundi ambaye nimezoea kumlipa kila anapofanya kazi yangu ni fundi ninayeweza kumwita bila kusita.

Hakuondoka mara moja. Alilirudisha lile jalada la ndoo, akakaa yeye, mimi nikakaa kwenye ngazi, tukalisikiliza tanuri mizunguko miwili kamili. Feni ya moshi. Kimya. Moto. Feni kubwa ikaanza kwa mvumo wa chini niliokuwa nimeusahau, na ukumbini hapakupiga kitu. Ilipokatiwa umeme ilizunguka yenyewe muda mrefu kuliko siku zote nne, ikafifia, ikasimama bila kukwaruza. Kisha, katika ukimya ule, tukasikia “tik” moja ndogo kutoka kwenye bomba la juu, kisha nyingine. Nikafungua daftari.

“Hiyo ni bati inapoa,” alisema akifunga sanduku la vifaa. “Ilikuwepo tangu siku ya kwanza nilipoingia humu.”

Miaka 9, na sikuwahi kuisikia. Niliiandika hata hivyo, sekunde ya 140 tangu moto uzimike, na sasa naisikia kila usiku.